Safu ya Mwisho ya Andalio la Somo: Tafakuri katika Mazoezi ya Kufundisha Kiswahili

Utangulizi

Kila mwalimu mwanagenzi anayekwenda shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha hubeba faili. Ndani yake mna azimio la kazi, rekodi ya kazi, orodha ya alama za wanafunzi na, kurasa baada ya kurasa, maandalio ya masomo. Andalio lina sehemu zinazofahamika na wote waliopitia kitivo cha elimu: mada, shabaha, vifaa, marejeleo, utangulizi, hatua za somo na tamati. Chini kabisa, mahali ambapo karatasi inakaribia kwisha, huachwa safu ndogo ya maoni au kujitathmini. Safu hiyo hujazwa mwisho, na aghalabu hujazwa kwa haraka. "Somo lilifaulu." "Shabaha zote zilifikiwa." "Wanafunzi walishiriki vyema." Anayefungua faili ya muhula mzima huenda akakutana na sentensi hizo tatu zikipokezana zamu kama mabawabu, juma baada ya juma, kana kwamba mwanagenzi alizaliwa akiwa mwalimu kamili na hakuwa na lolote la kujifunza tangu siku ya kwanza.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba safu hiyo ndiyo sehemu ya andalio inayomfunza mwanagenzi kazi yake. Sehemu nyingine humwandaa kufundisha kipindi kimoja. Hiyo humwandaa kwa vipindi vyote vitakavyofuata. Mifano ya darasani inayotolewa hapa imebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi, ingawa ni vigumu kumpata mwalimu wa Kiswahili ambaye ataiona kuwa migeni.

Dhana ya tafakuri

Neno tafakuri lina undugu na fikra na fikiri, na yote matatu yana asili ya Kiarabu. Hata hivyo, kutafakari ni zaidi ya kufikiri tu. Ni kulirudia jambo, kuligeuza huku na huku, bila pupa ya kutoa hukumu. Mwanafalsafa wa Kimarekani John Dewey, katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, aliieleza fikra ya aina hii kuwa ni kuichunguza imani yoyote kwa bidii, kwa mfululizo na kwa uangalifu, huku mtu akiangalia misingi inayoishikilia na matokeo yanayotokana nayo. Kwa Dewey, fikra hiyo huanza pale mtu anapokwama. Anayeona kuwa kila jambo limekwenda sawa hana pa kuanzia. Hapo ndipo ubaya wa sentensi "Somo lilifaulu" unapodhihirika: hata iwe ya kweli, inafunga mlango ambao tafakuri ingepitia.

Miaka sita kabla ya kitabu hicho, mnamo 1904, Dewey huyo huyo alikuwa ameandika makala kuhusu uhusiano wa nadharia na utendaji katika elimu ya walimu. Humo alionya kwamba mwanagenzi akitupwa darasani mapema na kuachwa ahangaike, atashika mbinu zozote zinazodumisha utulivu, kisha mbinu hizo zitageuka mazoea. Atajifunza kuangalia kama wanafunzi wametulia kwenye madawati yao, wala si kama akili zao zinafanya kazi. Onyo hilo limepita karne nzima, lakini yeyote aliyewahi kukabidhiwa darasa la wanafunzi hamsini na zaidi, huku mwalimu wa zamu akipita dirishani, anajua kuwa halijachakaa.

Mtaalamu mwingine ambaye jina lake halikosi kutajwa ni Donald Schön, aliyechapisha The Reflective Practitioner mwaka 1983. Schön alizichunguza kazi mbalimbali za kitaalamu, uchoraji wa ramani za majengo ukiwa mojawapo, akatofautisha tafakuri ya aina mbili: ile inayofanyika tendo likiendelea, na ile inayofanyika baada ya tendo kukamilika. Anatumia taswira ya kupendeza kwa msomaji wa fasihi. Nadharia, asema, hukaa kwenye uwanda wa juu, mkavu na imara. Matatizo yanayowagusa watu kwelikweli yako chini kwenye bonde la matope. Mhadhara wa mbinu za kufundisha hutolewa juu uwandani. Kipindi cha saa nane mchana, baada ya chakula, kimo bondeni.

Lugha yetu nayo inatoa dokezo. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi. Mwanagenzi wa seremala huliona kosa lake papo hapo, maana kiungo kikilegea kiti huyumba. Mwanagenzi wa ualimu hana bahati hiyo. Kipindi kibovu kinaweza kupita kwa utulivu, kengele ikalia, wanafunzi wakasimama na kuaga kwa heshima, na mwalimu akatoka akiwa ameridhika. Kulegea kwa kiungo kutaonekana miezi mingi baadaye katika karatasi ya mtihani, mwanagenzi akiwa amekwisha kurudi chuoni.

Kosa liko wapi? Mfano wa somo la ngeli

Tuseme mwanagenzi anafundisha ngeli ya KI-VI. Ameandika ubaoni kwamba ngeli hii ni ya nomino zinazoanza kwa KI- au CH- katika umoja na VI- au VY- katika wingi. Ametoa mifano: kiti, kitabu, kisu, chumba, cheti. Anataja umoja, darasa linaitikia wingi kwa sauti moja, na mwitikio huo unapendeza masikioni. Kisha anatoa zoezi la kutunga sentensi kwa nomino kumi, zikiwemo kiboko, chura na kipepeo. Jioni anasahihisha madaftari na kukuta "Vyura vinaruka" na "Vipepeo vinapendeza", safu kwa safu, hata katika kazi za wanafunzi anaowaona kuwa hodari.

Safu ya mwisho ya andalio inamsubiri. Jambo la kwanza linalokuja akilini ni kuandika kwamba wanafunzi hawakuwa makini. Nyani haoni kundule. Akijilazimisha kuuliza swali la pili, yaani ni nini hasa walichokosea, ataona kwamba sentensi zote zilizoharibika zina viumbe wenye uhai, ilhali mifano yote mitano aliyoitoa ilikuwa ya vitu. Akiendelea hadi swali la tatu, atarudi kwenye maelezo aliyoyaandika ubaoni na kugundua jambo la kufedhehesha kidogo: kwa maelezo yale, kiboko, chura na kipepeo vinastahili kuwa katika KI-VI. Wanafunzi wale walikuwa wamemtii mwalimu barabara. Aliainisha ngeli kwa kuangalia umbo la nomino, kisha akawasahihisha kwa kuangalia upatanisho wa kisarufi katika sentensi. Hiyo ni misingi miwili tofauti ya uainishaji, ambayo yeye mwenyewe aliisoma chuoni na pengine akaijibia swali la mtihani.

Lipo swali la nne, nalo ni zito zaidi. Kwa nini hakuligundua tatizo kipindi kikiendelea? Kwa sababu alikuwa akisikiliza kiitikio. Darasa zima likisema "viti, vitabu, visu" kwa pamoja, mwalimu husikia sauti ya wanaojua na wale wasiojua wanajificha ndani yake. Isitoshe, shabaha aliyoiandika ilimtaka mwanafunzi "aweze kutaja wingi wa nomino", ilhali zoezi lilimtaka atunge sentensi. Kosa lilianza kwenye meza ya mwanagenzi usiku wa kuamkia siku ya kipindi, kabla mwanafunzi yeyote hajafungua daftari.

Maoni yanayotokana na maswali haya hayazidi mistari minne: mifano ilikuwa ya vitu pekee, maelezo yalitegemea umbo la nomino, kiitikio kilificha wasioelewa, kipindi kijacho kianze na sentensi mbili ubavu kwa ubavu, "Kiti kimeanguka" na "Kipepeo ameanguka", kisha wanafunzi waulizwe tofauti imetoka wapi. Mtu akiilinganisha mistari hiyo na "Somo lilifaulu", ataona kwamba mmoja wa waandishi hao wawili ana cha kufanya kesho.

Kutafakari kipindi kikiendelea

Kesho ikafika. Mwanagenzi anaanza na sentensi zake mbili, darasa linaelewa, naye anahitimisha kwa furaha kwamba nomino za viumbe wenye uhai huchukua A-WA. Mkono unainuliwa nyuma ya darasa. "Mwalimu, na je, kitoto kinalia?"

Swali kama hili ni neema na ni mtihani. Andalio halina jibu lake. Mwanagenzi anaweza kusema, "Hilo tutaliona baadaye," na baadaye hiyo isifike kamwe. Anaweza pia kudai kwamba ni hali ya kipekee, kisha aendelee na mada. Kile ambacho Schön aliita tafakuri ndani ya tendo ni kuusikia mshtuko huo na kuufanyia kazi pale pale. Mwalimu analirudisha swali kwa darasa: anayesema "mtoto analia" na anayesema "kitoto kinalia" wanatofautianaje? Baada ya dakika tano hivi wanafunzi watakuwa wamejionea kwamba kiambishi KI- kinaweza kuashiria udogo, na wakati mwingine dharau, na kwamba katika hali ya udogo upatanisho hufuata KI-VI hata kama anayerejelewa ni binadamu. Watakuwa wameonja kwa pamoja sarufi na mtindo, na wakifika kwenye tamthilia ambamo mhusika mmoja anamwita mwenzake "kijitu hiki", hawatahitaji kuambiwa kuwa hilo ni tusi.

Mwalimu mkongwe hufanya hivi bila kuonekana kuwa anafikiri. Mwanagenzi hawezi, na hapaswi kulaumiwa. Akili yake imejaa mambo mengi mno: chaki, saa, kijana anayecheka dirishani, na dakika 40 zinazoyeyuka. Ndiyo maana tafakuri ya baada ya kipindi hutangulia kukomaa. Anayeandika leo kwamba alilikwepa swali la "kitoto" ataisikia sauti ya swali jingine la namna hiyo juma lijalo.

Hali kadhalika kuhusu usahihishaji wa lugha ya mazungumzo. Mwanafunzi anasimama kueleza jambo zuri kuhusu mhusika, anaanza, "Kitabu yangu iko na jibu," na kabla hajalifikia jibu lenyewe mwalimu amemkatiza: "Kitabu changu!" Mwanafunzi anaketi. Wengine watatu waliokuwa wakitaka kusema wanateremsha mikono. Mwanagenzi amekiokoa kivumishi kimoja na kupoteza mjadala. Katika shule ambazo Sheng na lugha za kwanza ndizo zinazotawala nje ya darasa, suala la lini kosa lisahihishwe na lini liachwe lipite hadi mwisho wa hoja haliwezi kutatuliwa na kanuni moja ya kitabuni. Linahitaji mwalimu anayekumbuka alifanya nini jana na darasa likawaje.

Ushairi na kivuli cha mwalimu wa zamani

Mwaka 1975 mwanasosholojia Dan Lortie alieleza katika kitabu chake Schoolteacher kwamba mwanafunzi wa Marekani anapohitimu shule ya upili huwa amekaa na walimu darasani kwa takriban saa 13,000. Kukaa huko alikuita uanagenzi wa kutazama. Mwanafunzi huona yale anayotenda mwalimu mbele ya darasa, lakini haoni maandalizi wala sababu za kila uamuzi. Anapokuwa mwalimu, kile alichokitazama kwa miaka mingi humtoka chenyewe, hasa anapobanwa. Masomo machache ya mbinu za kufundisha hayawezi kushindana na saa hizo zote.

Hakuna mahali ambapo kivuli hiki huonekana wazi kama katika ufundishaji wa ushairi. Mwanagenzi aliyefundishwa ushairi kwa kuhesabu huufundisha kwa kuhesabu. Shairi linaandikwa ubaoni. Darasa linatambua mishororo minne na kutangaza tarbia. Mizani zinahesabiwa kwa vidole, nane kwa nane. Vina vya ukwapi na utao vinapigiwa mistari. Inkisari na tabdila zinasakwa kama kunguni kwenye mshono. Kengele inalia. Andalio linaandikwa kwamba wanafunzi walizibainisha sifa zote za umbo, na kwa hakika walizibainisha. Hakuna aliyeuliza nafsineni analalamikia nini, wala kwa nini kibwagizo kimegeuka katika ubeti wa mwisho. Shairi limepimwa kama maiti na kuvikwa sanda.

Huenda mtu akajitetea kwamba mtihani ndio unaodai hivyo. Utetezi huu una ukweli nusu. Karatasi ya fasihi ya KCSE huuliza kuhusu muundo na uhuru wa mshairi, naam, lakini pia humtaka mtahiniwa aandike ubeti kwa lugha ya nathari, aeleze toni, na amtambue anayenena. Maswali hayo hayajibiwi kwa vidole. Mwanagenzi anayetafakari hana budi kujiuliza swali ambalo halimo katika mwongozo wowote: namna hii ya kufundisha nimeitoa wapi? Akikumbuka kwamba ameitoa kwa mwalimu wake wa kidato cha tatu, ambaye pengine alimpenda sana, hatalazimika kumkana mwalimu huyo. Atakuwa tu ameanza kuchagua, pale ambapo awali alikuwa akirithi.

Daftari la pili

Namna ya kutafakari imeandikiwa miongozo mingi. Unaotumika sana katika vyuo ni ule wa Graham Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita: kusimulia kilichotokea, kueleza hisia, kutathmini, kuchanganua, kutoa hitimisho na kupanga hatua itakayofuata. Hatua hizo zinafaa kama fito za kuanzia kibanda. Zikifuatwa kwa utiifu kila jioni huzaa kurasa zenye sura moja, na hisia zinazoandikwa kwa sababu tu nafasi ya hisia imeachwa.

Kinachohitajika zaidi ni ushahidi. Kumbukumbu ya mwanagenzi kuhusu kipindi chake haiaminiki, kwa kuwa alikuwa mchezaji na mtazamaji kwa wakati mmoja. Madaftari ya wanafunzi ni ushahidi. Kikaratasi kisicho na jina, ambapo kila mwanafunzi anaandika kabla ya kengele jambo moja ambalo hakulielewa, ni ushahidi ambao hugharimu dakika tatu. Simu iliyowekwa mezani kurekodi sauti, kwa idhini ya shule, itamwambia mwanagenzi alizungumza kwa dakika ngapi kati ya 40, na alingoja sekunde ngapi baada ya kuuliza swali kabla ya kulijibu mwenyewe. Wengi watashangaa. Mwanagenzi mwenzake aliyetumwa katika shule hiyo hiyo, hata akiwa wa Hisabati, anaweza kuketi nyuma ya darasa na kuweka alama kila mwanafunzi anapozungumza. Mchoro wa madawati utaonyesha kwamba safu mbili za mbele ndizo zilizofundishwa.

Ni busara kuwa na daftari la pili, nje ya faili rasmi, ambalo halitakaguliwa na mtu. Humo maneno yanaweza kuwa butu na ya kweli. Mistari mitano iliyoandikwa siku ile ile, kabla ya usingizi, ina thamani kuliko kurasa tatu zilizotungwa Jumapili jioni ili faili ionekane imeshiba.

Alama, mtathmini na mwalimu mlezi

Kwa nini basi wanagenzi wenye akili timamu huendelea kuandika "Somo lilifaulu"? Jibu si uvivu peke yake. Faili husomwa na mhadhiri anayekuja kutathmini, na mhadhiri huyo ana kalamu na jedwali la alama. Huja mara chache katika muhula, wakati mwingine bila taarifa, na kipindi kimoja alichokiona hubeba uzito mkubwa. Mwanagenzi anayeandika kwamba maelezo yake ya ngeli yalikuwa na kasoro anahisi anajiandikia hati ya mashtaka. Maadamu anayesoma tafakuri ndiye anayetoa alama, na alama hutolewa kwa kipindi kisicho na dosari, safu ya mwisho itaendelea kujazwa kwa sifa.

Mwalimu mlezi shuleni angeweza kuliziba pengo hili, kwa kuwa hana alama za kugawa mkononi kama mhadhiri. Hata hivyo, katika shule nyingi zenye upungufu wa walimu, kuja kwa mwanagenzi huchukuliwa kuwa nafuu ya mzigo: vipindi vinakabidhiwa, mlezi anashughulikia madarasa mengine, na mwanagenzi anabaki peke yake bondeni. Si haki kumlaumu mlezi huyo, lakini dakika kumi za mazungumzo mara moja kwa juma, akiulizwa na kijana wake, "Mwalimu, wewe swali lile la 'kitoto' ungelijibuje?" hazivunji ratiba.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 kuanzia madarasa ya chini, umeipa tafakuri ya mwalimu nafasi rasmi katika andalio. Hilo ni jambo jema, ila jina jipya halitoshi. Safu iliyoitwa maoni na sasa inaitwa tafakuri inaweza kujazwa kwa sentensi zile zile tatu. Kinachoweza kubadilisha hali ni namna inavyosomwa. Idara za Kiswahili na vitivo vya elimu vingeweza kuamua kwamba sehemu ya alama za mazoezi ya kufundisha itolewe kwa badiliko linaloonekana kati ya kipindi na kipindi: mwanagenzi aliona nini, na alirekebisha nini kwa sababu hiyo. Chini ya utaratibu huo, aliyekosea ngeli ya KI-VI Jumatatu na kuirekebisha Jumatano angempita yule ambaye faili yake haina kosa hata moja.

Mabadiliko ya jedwali la alama huchukua muda na vikao. Mtathmini anaweza kuanza na jambo dogo asilohitaji kuombea kibali. Kabla ya kuingia darasani, aombe andalio la kipindi kilichotangulia, asome safu ya mwisho, kisha aketi nyuma ya darasa aone kama yaliyoandikwa pale yamefika ubaoni.